Dakika Mbili na Kioo Kibichi: Kwa Nini Hakuna Picha ya Lincoln Akihutubia Gettysburg

Ukitafuta picha ya Abraham Lincoln, rais wa Marekani, akihutubia Gettysburg utaletewa nyingi: amesimama wima, mkono mmoja umeinuka, umati umemkazia macho. Zote ni michoro, na mingi ilichorwa miaka mingi baadaye. Picha ya kamera inayomwonyesha rais huyo akiitamka hotuba ile haijawahi kuonekana, ingawa siku hiyo, tarehe 19 Novemba 1863, wapiga picha walikuwapo uwanjani na vyombo vyao, jua lilikuwa limewaka, na mtu mwenyewe hakuwa mgeni wa kamera hata kidogo, kwani picha zake zinazojulikana leo zinafikia takribani 130.

Jibu linalotolewa kila mara ni kwamba hotuba ilikuwa fupi mno na kamera za wakati ule zilikuwa nzito mno. Ipo hata simulizi ya mpiga picha aliyekuwa bado anahangaika na kamera yake, kichwa kikiwa ndani ya kitambaa cheusi, aliposikia umati ukipiga makofi, akainua uso na kumkuta rais amekwisha kuketi. Simulizi hiyo inachekesha na haiko mbali na ukweli, lakini inaeleza nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni kwamba kamera zile zile zilimpata Lincoln siku ile ile, pengine zaidi ya mara moja, bila wapiga picha wenyewe kutambua, na ilichukua miaka 89 kabla ya mtu kugundua.

Tuanze na uwanja wenyewe. Gettysburg ulikuwa mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, wenye wakazi wapatao 2,400. Kati ya tarehe 1 na 3 Julai 1863, katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, jeshi la Kaskazini chini ya Jenerali George Meade na jeshi la Kusini chini ya Jenerali Robert E. Lee lilipambana hapo kwa siku tatu, na hesabu ya waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea kwa pande zote mbili inakadiriwa kufikia watu 51,000. Majeshi yalipoondoka, wenyeji waliachiwa maelfu ya maiti zilizofukiwa harakaharaka katika mashamba ya ngano na kandokando ya njia, nyingine zikiwa na udongo mdogo kiasi kwamba mvua ya kwanza ilizifunua. Wakili wa mjini hapo, David Wills, ndiye aliyesimamia mpango wa kununua ardhi na kuanzisha makaburi ya taifa kwa askari wa Kaskazini. Kazi ya kufukua miili na kuihamisha iliwaangukia kwa sehemu kubwa vibarua Weusi wakiongozwa na Basil Biggs, mkazi wa mji huo, na ilikuwa haijafika hata nusu siku ya sherehe ilipowadia.

Msemaji mkuu wa siku hiyo hakuwa Lincoln. Alikuwa Edward Everett, mzee wa miaka 69, aliyewahi kuwa gavana, seneta, waziri wa mambo ya nje na mkuu wa Chuo Kikuu cha Harvard, na aliyehesabiwa kuwa bingwa wa hotuba nchini mwake. Sherehe yenyewe ilipangwa kwanza kufanyika tarehe 23 Oktoba, ikasogezwa hadi Novemba kwa sababu Everett aliomba muda wa kujiandaa. Barua ya Wills ya kumwalika Lincoln iliandikwa tarehe 2 Novemba, siku 17 tu kabla ya tukio, na ilimwomba rais atoe maneno machache yanayofaa baada ya hotuba kuu. Kwa lugha ya shughuli za kwetu, Everett alikuwa mgeni rasmi, na rais alikuja kutoa neno la shukrani. Jambo hili halina budi kukumbukwa, kwa maana mpiga picha, kama fundi yeyote, hupanga kazi yake kwa kufuata ratiba aliyopewa.

Everett alisema kwa muda wa saa mbili, maneno zaidi ya 13,000. Ukaimbwa wimbo. Kisha Ward Hill Lamon, rafiki wa Lincoln aliyekuwa msimamizi wa shughuli, akamtambulisha rais, naye akasimama na kusema maneno yapatayo 270 katika sentensi 10. Alianza kwa kuhesabu miaka kwa korija, yaani makundi ya ishirini ishirini, kama wauzaji wa kanga wanavyohesabu bidhaa: korija nne na miaka saba, ambayo ni miaka 87, inayoturudisha mwaka 1776, Marekani ilipotangaza uhuru wake. Alimaliza kwa ile ahadi kwamba serikali ya watu, inayoendeshwa na watu, kwa ajili ya watu, haitatoweka duniani. Maneno hayo yamesafiri sana: yamo katika katiba ya Ufaransa ya mwaka 1958, na katika katiba ya Burundi ya mwaka 2005 yametajwa kuwa msingi wa jamhuri. Katikati ya hotuba alisema pia kwamba dunia haitayatilia maanani wala kuyakumbuka kwa muda mrefu yanayosemwa pale. Kufikia hapo, dakika mbili hivi zilikuwa zimepita, na kazi imekwisha.

Sasa tumwendee mpiga picha. Njia iliyotumika wakati huo, iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, ilikuwa ya kioo kilichopakwa kolodioni, ute mzito unaotokana na pamba iliyotibiwa kwa asidi na kuyeyushwa katika etha na alkoholi. Njia hiyo ilikuwa na sharti moja lililotawala mengine yote: kioo kilipaswa kupakwa dawa, kupigwa mwanga na kusafishwa kikiwa bado kibichi. Kikikauka, dawa hupoteza uwezo wake wa kuhisi mwanga, na picha huwa imekufa kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo mpiga picha wa 1863 hakuweza kufika uwanjani na vioo vilivyokwisha kuandaliwa kama baba zetu walivyofika harusini na mkanda wa filamu ndani ya kamera. Alilazimika kubeba chumba cha giza pamoja naye, ama gari la farasi lililozibwa mwanga, ama hema dogo jeusi.

Humo ndani alikipangusa kioo hadi kisibaki na alama ya kidole. Alikishika kwa pembe moja kwa ncha za vidole, akamimina kolodioni katikati, akakiinamisha taratibu upande huu na upande ule ili ute uenee hadi kwenye kingo zote, na kilichozidi akakirudisha chupani kupitia pembe ya mwisho. Ute ulipoanza kushika, lakini kabla haujakauka, alikizamisha kioo katika maji ya nitrati ya fedha na kukiacha humo dakika tatu hadi tano. Fedha iliungana na chumvi zilizokuwa ndani ya ute, na hapo tu ndipo kioo kilipopata macho. Alikitoa kikichuruzika, akakitia katika fremu isiyopenya mwanga, akatoka nje mbio hadi kwenye kamera iliyosimama juu ya miguu yake mitatu, akachomeka fremu, akavuta kizuizi, kisha akaondoa kifuniko cha lenzi kwa mkono. Kitufe hakikuwapo. Alihesabu moyoni, akarudisha kifuniko, akachomoa fremu, akarudi gizani. Hapo alimwagia kioo dawa ya salfeti ya chuma kwa mkupuo mmoja, akatazama sura ikijitokeza kwa muda usiofika dakika moja, akaisimamisha kwa maji, akaiosha kwa sayanidi ya potasiamu au dawa nyingine ya kuifanya idumu. Mzunguko mzima, kuanzia kumimina ute hadi kuosha, ulipaswa kumalizika ndani ya dakika 10 hadi 15. Vidole vya mafundi hawa vilikuwa vyeusi daima kwa ajili ya fedha, na hewa waliyoivuta ilikuwa ya etha.

Tabu hiyo tunao ushahidi wake hata katika ardhi yetu. Mwaka 1860, John Hanning Speke na James Augustus Grant walipoanzia safari Zanzibar kuelekea chanzo cha Mto Nile, Grant alibeba kamera na madawa yake, na alipiga picha kisiwani. Baada ya kuingia bara walilazimika kuiacha kazi hiyo. Speke aliandika kwamba joto alilokuwa akilipata mwenzake ndani ya kihema cha kuandalia vioo lingemuua upesi, hivyo Grant akashika penseli na rangi. Ndiyo maana kumbukumbu ya safari ile ya miaka mitatu ni michoro, na vilevile ndiyo maana mtu anayefikiri kwamba wapiga picha wa Gettysburg walikuwa wazembe angefaa kwanza ajaribu kufanya kazi ya maabara ndani ya sanduku.

Hata hivyo, ukipiga hesabu kwa makini, ile simulizi ya kichwa ndani ya kitambaa inaanza kupwaya. Dakika mbili hazitoshi kuandaa kioo, hilo ni kweli. Lakini zinatosha, na kubaki, kwa kioo kilichokwisha kuandaliwa. Kati ya hotuba mbili paliimbwa wimbo, na ratiba iliyojulikana ilionyesha kwamba rais anafuata. Fundi aliyetaka kumpata Lincoln akisema angeweza kumimina kolodioni Everett alipokuwa anakaribia kuketi, akazamisha kioo wakati wa wimbo, na akawa tayari nyuma ya kamera Lamon anapotaja jina. Ubaridi wa Novemba ungemsaidia pia, kwani kioo hukauka polepole zaidi kuliko wakati wa joto. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni sababu ya kufanya hivyo. Hakuna aliyejua kwamba maneno machache yanayofaa yangekuwa tukio lenyewe. Mtu aliyetegemea saa mbili za Everett alikuwa na nafasi ya kupiga, kukosea, kurudia na kupumzika. Maneno ya rais yalikuwa kama dua ya kufungia shughuli, ambayo watu huisikiliza huku wakitafuta viatu.

Tukubali basi kwamba yupo aliyekuwa tayari. Je, angepata nini? Hapa ndipo tunapofika kwenye mpaka wa pili wa teknolojia ile, ambao ni muda wa kioo kukaa wazi mbele ya mwanga. Kolodioni ilihisi mwanga wa bluu na ule wa zambarau uliopita bluu, na karibu haikuona nyekundu kabisa. Anga la buluu lilitoka jeupe tupu lisilo na wingu, na damu ilitoka nyeusi kama lami. Isitoshe, ilihitaji mwanga mwingi. Kwa picha kubwa ya nje kioo kilikaa wazi kwa sekunde kadhaa. Kamera ndogo za picha pacha, zile zenye lenzi mbili zilizotoa picha mbili za kutazamwa kwa chombo maalumu hadi mandhari ionekane kama iko hai, zilikuwa na lenzi fupi na zilifanya kazi haraka zaidi, pengine kwa sekunde moja au sehemu yake. Katika studio mteja alisimamishwa na chuma kilichofichwa nyuma ya shingo ili asitikisike. Msemaji jukwaani hana chuma. Anainua karatasi, anageuka kushoto na kulia, na taya lake linakwenda juu na chini.

Lakini hapa pana jambo ambalo watu wengi hulipindua. Ukungu wa picha hautegemei mwendo peke yake. Unategemea pia umbali. Tuseme kamera ina lenzi ya sentimita 30 na msemaji yuko mita 60 mbele yake. Kila kitu kwenye kioo kitakuwa kidogo mara 200 kuliko kilivyo, na kichwa cha mtu, chenye urefu wa sentimita 23 hivi, kitaenea katika milimita moja na kidogo. Akikisogeza sentimita mbili, kwenye kioo kimesogea sehemu ya kumi ya milimita. Kwa hiyo watu wa karibu na kamera, wanaopita wakicheka na kutafuta nafasi, wanageuka moshi, ilhali watu wa jukwaani kule nyuma wanasalia na maumbo yao. Mtu wa mbali hapotei. Anakuwa mdogo tu. Na kioo cha kolodioni, kinyume na filamu zilizokuja baadaye, hakikuwa na chembe kubwa zinazojitokeza ukikuza picha. Kilibeba maelezo madogo kuliko jicho la mtu yeyote aliyekiinua dirishani mwaka 1863 lingeweza kuyaona. Tumezoea kuiita teknolojia hiyo duni, lakini uduni wake ulikuwa katika kukamata wakati. Katika kukamata undani ilishindana bila aibu na mashine nyingi tunazotembea nazo mfukoni.

Uthibitisho ulikuja mwaka 1952. Josephine Cobb, aliyekuwa akisimamia picha katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington, alikuwa akipitia vioo vya mkusanyiko wa Mathew Brady, mpiga picha mashuhuri wa vita ile. Kimoja kilionyesha umati wa Gettysburg siku ya sherehe, migongo na kofia zikiwa mbele, na kwa mbali jukwaa lililosongamana watu. Picha hiyo huhusishwa na David Bachrach, kijana wa miaka 18 kutoka Baltimore. Kwa macho ya kawaida jukwaa ni mstari tu wa madoa. Cobb aliagiza sehemu hiyo ikuzwe, kisha ikuzwe tena, na madoa yakaanza kuwa watu. Mmoja yuko bila kofia, ameinamisha kichwa kidogo, uso umefifia lakini paji la uso, ndevu za kidevuni na mashavu yaliyobonyea vinaonekana. Karibu naye yuko mtu mwenye mwili mkubwa na kofia ndefu, anayetambuliwa kuwa Lamon. Mwenye kichwa kitupu ni Lincoln.

Picha hiyo si ya hotuba. Inaaminika ilipigwa Lincoln alipokuwa amekwisha kufika jukwaani na kabla Everett hajaanza, wakati watu walipokuwa bado wanatafuta mahali pa kukaa. Inafaa kulitafakari hilo, kwa sababu ndilo linaloonyesha wapiga picha walielekeza nguvu zao wapi: walipiga mkusanyiko, walipiga wingi wa watu waliokadiriwa kuwa kati ya 15,000 na 20,000, walipiga lango la makaburi na maandamano. Tukio kwao lilikuwa umati. Uso wa rais walikuwa na njia ya kuupata kwa starehe zaidi, na Alexander Gardner alikuwa ameupata siku 11 tu kabla, tarehe 8 Novemba, katika studio yake mjini Washington. Lincoln ameketi, anatazama kamera moja kwa moja, kila mkunjo wa ngozi uko mahali pake. Hiyo ndiyo picha ambayo mara nyingi huwekwa kando ya maandishi ya hotuba, na msomaji asiye mwangalifu hudhani ilipigwa Gettysburg.

Gardner mwenyewe alikuwapo Gettysburg mara mbili mwaka huo. Mara ya kwanza alifika Julai, siku chache baada ya mapigano, pamoja na Timothy O'Sullivan na James Gibson, wakawahi maiti ambazo hazijazikwa. Maiti zilikuwa, kwa ukatili wa kiufundi, mada inayofaa zaidi kwa kioo kibichi, kwa kuwa hazisogei. Vita yenyewe, mbio na moshi wake, haikupigika. Kilichopigika ni kile kilichobaki. Na hata hicho hakikuachwa kama kilivyokutwa: picha mashuhuri ya askari wa Kusini aliyelala nyuma ya ukuta wa mawe, iliyotangazwa kuwa makao ya mdunguaji, imethibitishwa na mtafiti William Frassanito kuwa ni ya mwili uliobebwa kutoka mahali pengine makumi ya mita mbali na kupangwa hapo pamoja na bunduki. Alilibaini hilo kwa kulinganisha maiti na mawe katika picha tofauti za siku hizo hizo. Undani ule ule wa kioo uliomrudisha Lincoln ndio uliomfichua Gardner.

Mara ya pili ilikuwa Novemba, na safari hii Gardner alitumia kamera ya picha pacha kutoka mahali palipoinuka. Vioo hivyo vimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo imeviweka mtandaoni katika ukubwa unaomwezesha mtu yeyote kuvichungulia. Mwaka 2007 mtafiti John Richter alitangaza kwamba mpanda farasi mwenye kofia ndefu, anayeonekana kwa mbali akipita katikati ya umati na mkono wenye glavu nyeupe karibu na kofia, ni Lincoln akielekea jukwaani. Mwaka 2013 Christopher Oakley, mchoraji wa katuni za filamu aliyegeuka mwalimu wa chuo, alisema hapana: Lincoln ni mtu mwingine, aliye chini karibu na jukwaa, jirani na umbo alilolitambua kuwa la William Seward, waziri wa mambo ya nje. Wapo wanaomuunga mkono Richter, wapo wa Oakley, na wapo wasiowaamini wote wawili. Mabishano haya si ya kipuuzi kama yanavyosikika, kwa sababu yanaonyesha mahali undani wa kioo unapokomea. Ukikuza mno, unachokiona si mtu tena bali vivuli vichache vya kijivu, na jicho, likiwa na shauku ya kutosha, hulijengea doa pua na ndevu.

Inafaa kulinganisha na tukio la miezi 15 hivi baadaye. Tarehe 4 Machi 1865 Lincoln alitoa hotuba ya kuapishwa kwa muhula wa pili mbele ya jengo la Bunge mjini Washington, na Gardner akampata: rais amesimama katikati ya watu, karatasi mikononi. Hotuba hiyo nayo ilikuwa fupi, maneno takribani 700, na kemia ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii kila mtu alijua nani angesema, wapi angesimama na lini, na mpiga picha aliweza kuelekeza kamera yake kwenye jukwaa lile mapema. Mfano huu ndio unaonifanya nikatae kuitupia kolodioni lawama yote ya Gettysburg.

Ni haki kuongeza kwamba kalamu nayo ilishindwa kwa namna yake. Waandishi wa habari walikuwapo, wengine wakiandika kwa hati mkato, na bado matoleo yao yanatofautiana. Joseph Gilbert wa shirika la Associated Press alikiri baadaye sana kwamba alivutwa na rais kiasi cha kusahau kuandika, ikabidi atazame karatasi aliyokuwa nayo Lincoln. Nakala tano zilizoandikwa kwa mkono wa Lincoln mwenyewe zimebaki, kila moja ikiitwa kwa jina la mtu aliyepewa, nazo hazilingani neno kwa neno: maneno yenye maana ya ‘chini ya Mungu’ hayamo katika mbili zinazodhaniwa kuwa za mwanzo, lakini yamo katika taarifa za magazeti. Nakala ambayo wanafunzi wengi hukariri, ile iliyo Ikulu ya Marekani, iliandikwa mwaka 1864, miezi kadhaa baada ya kutamkwa. Kuhusu makofi, wapo walioripoti kwamba yalimkatiza mara kadhaa, na wapo waliokumbuka ukimya. Sauti haikuwa na pa kuhifadhiwa, kwa kuwa mashine ya Edison ya kunasa sauti ilikuja mwaka 1877.

Hata kama picha ya hotuba ingepatikana, msomaji wa gazeti asingeiona kama picha. Magazeti hayakuwa na njia ya kuchapa vivuli vya picha pamoja na herufi. Fundi aliitazama picha na kuichonga upya kwenye mbao, na alichokichonga ndicho kilichochapwa, pamoja na masahihisho aliyoona yanapendeza. Njia ya kuigawa picha katika vidoa ili ichapwe moja kwa moja ilianza kuonekana katika gazeti la kila siku la New York mwaka 1880. Huenda hilo nalo liliwapunguzia wapiga picha hamu ya kufukuzia dakika moja mahususi, maana mchongaji angeweza kumwinua rais mkono wake bila msaada wa kamera.

Mahali penyewe jukwaa liliposimama pamezua utata wa muda mrefu, na hapo vioo vimetoa msaada ambao wapigaji hawakuukusudia. Kwa miaka mingi wageni walielekezwa kwenye mnara mkubwa katikati ya makaburi ya taifa. Watafiti, Frassanito akiwa mmoja wao, walichukua picha za siku ile zilizopigwa kutoka pande mbalimbali, wakapima mistari ya miti, lango na vilima nyuma ya umati, na wakaonyesha kwamba mistari hiyo inakutana kwingine, ng'ambo ya uzio, katika makaburi ya wenyeji yaitwayo Evergreen, ambayo yalikuwapo kabla ya vita. Wengine bado wanaisogeza alama hiyo hatua chache huku na kule, wakitumia kompyuta na vioo vile vile. Kila upande unarudi kwenye madoa ya jukwaa, na kila upande unamtafuta kwanza mtu mmoja mwenye urefu wa sentimita 193, ambaye siku hiyo alivaa kofia ndefu yenye utepe mpana mweusi wa maombolezo ya mwanawe Willie, na ambaye katika kioo pekee ambacho wengi wanakubaliana kwamba yumo, ameivua.